Zamu ya Kutazama Ndege

Siku hizi wanakuja vijana kutoka Goma, darubini shingoni, wananiuliza mahali pazuri pa kutazama ndege kwenye ziwa letu. Ninawaonyesha, sina ubaya nao. Ninawapandisha kwenye mwamba ulio juu ya mashamba ya maharagi, ambapo unaliona ziwa lote na mafunjo yake. Ninawapeleka kwenye mikaratusi ya ng'ambo, ambapo minandi hukaa wakikausha mabawa. Mwisho ninawashusha hadi kivukoni, pale mto unapoingia ziwani, kwa maana yangeyange hawakosekani pale mwaka mzima. Wanapiga picha na kuniuliza nilisomea wapi mambo ya ndege. Ninawaambia kijiji kizima kilisoma, na hatukusoma kwa kupenda.

Kijiji chetu kiko Masisi, ukipita Mweso unaacha barabara na kutembea kwa miguu. Sisi kwetu ni watu wa ng'ombe na maziwa. Majirani zetu wengine ni wakulima, na dukani alikuwepo mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, aliyetuuzia chumvi, sabuni na sardini. Tuliishi pamoja kwa kugombana kidogo kidogo, kama watu wote wanaoishi pamoja.

Mara ya kwanza watu wa bunduki walitoka ndani ya mafunjo asubuhi, mama zetu wakiwa wanawasha moto. Hakuna aliyewaona hadi walipofika kwenye nyumba za chini. Baba yangu walimkuta kwenye lango la zizi akiwa na kibuyu cha maziwa mkononi. Walimkata mkono kwanza, ule wenye kibuyu, kisha shingo. Mimi nilikuwa nyuma ya zizi nimelala kwenye mavi ya ng'ombe, nikasikia yote. Sitaeleza zaidi ya hapo, maana sauti yenyewe haielezeki na kila ninapojaribu ninaishia kukasirikia mtu aliyeniuliza.

Tulipomaliza kuzika, watu wakaanza kukumbuka jambo moja. Kabla ya bunduki, kwarara walikuwa wamepiga kelele upande wa ziwa. Bata walikuwa wameruka kundi zima. Kila mtu alisikia na hakuna aliyeinua kichwa, kwa sababu nani anainua kichwa kwa ajili ya ndege? Mafunjo ya kwetu yanampita mtu urefu, ukiingia humo hata mkeo hakuoni. Lakini ndege anakuona kutoka juu, na akikuona anaondoka.

Ndipo ikaanzishwa zamu. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja kwa siku yake, akae juu ya mwamba tangu umande hadi jua lizame, atazame ndege tu. Kwarara wakiruka na kelele, iko mtu. Korongo wakiacha kula na kusimama shingo juu, jitayarishe. Bata wakiondoka maji yale na kuhamia mengine, fuata mstari wao kinyumenyume utajua adui yuko wapi. Mwenye zamu alipiga kelele neno moja, "Zinaruka!" na kila mtu aliacha jembe, akashika mtoto, akapanda msituni. Tulikimbia hivyo mara nyingi. Walifika wakachoma nyumba, wakachinja mbuzi, wakanya ndani ya kanisa, lakini sisi hawakutukuta. Siku moja walimkuta mvuvi mzee aliyekataa kukimbia. Wakamfunga kwa nyavu zake mwenyewe, wakampiga kwa kasia lake hadi kasia likavunjika, wakamwacha majini. Tulimtoa baadaye akiwa na kambale wadogo kwenye mikunjo ya shati.

Mimi nilichukia ile kazi ya kukodolea ndege. Nilikuwa na hasira na kila kitu chenye mabawa, kwa kuwa kila kilipopaa, nilikuwa nimekwisha kusimama tayari kukimbia. Dada yangu mkubwa ndiye aliyewapenda. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Mume wake alikuwa ameenda Walikale kuchimba madini na alikuwa hajarudi wala kutuma salamu, hivyo alikaa nami na mtoto wake mchanga. Alipanda mwambani na mtoto mgongoni, akarudi jioni akituigiza namna korongo anavyotembea, kama mtu mkubwa mwenye maringo aliyekanyaga matope. Mke wa mwenye duka alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Watoto wake wawili walimwita yaya mama mudogo, na walimfuata mwambani, wakimwaga mahindi yake chini.

Kulikuwa na ndege mmoja ambaye sheria yake ilikuwa tofauti, naye ni yangeyange. Yangeyange wanaishi na ng'ombe. Ng'ombe akitembea anafukuza panzi, yangeyange anatembea naye anakula, anakaa hata mgongoni kwake. Mtu akija peke yake kivukoni, wanaruka wote kwa mkupuo, weupe, unawaona hata ukiwa mbali. Ng'ombe wakija na mchungaji wao, hawaruki. Kwa hiyo tulisema hivi: yangeyange wakitembea kwa miguu, ni amani. Mwenye zamu alipiga kelele, "Iko ng'ombe tu," na watu waliendelea kulima. Sheria hiyo hakuitunga yaya. Tuliitunga wote, na sisi watu wa ng'ombe ndio tuliojigamba nayo zaidi.

Siku ile ilikuwa kiangazi. Upande wa Karuba kulikuwa na mapigano, na makundi ya ng'ombe yalikuwa yanapita kwetu kila mara yakikimbizwa kwenye malisho ya mbali. Zamu ilikuwa ya nyumba yetu, na yaya alipanda. Mimi nilikuwa juu kabisa, kwenye malisho yetu, nakamua. Nilimsikia vizuri akiita, sauti yake ikishuka juu ya mashamba, ndefu na ya kivivu: "Iko ng'ombe tu." Nikaendelea kukamua.

Alichokiona kilikuwa hiki. Kundi kubwa lilikuwa linavuka mto. Mbele alitembea mtu mwenye koti refu na fimbo begani. Majani ya kivukoni yalikuwa yamefika migongo ya ng'ombe, na yangeyange walikuwa juu ya migongo hiyo na pembeni yake, wametulia, wanakula. Hakuna hata mmoja aliyeruka. Katikati ya ng'ombe, wameinama, walitembea watu wa bunduki.

Waliponyooka walikuwa wamefika ukingo wa ziwa, pale wanawake wanapofulia. Yaya alipiga kelele ile nyingine hadi sauti ikapasuka, lakini ilikuwa kelele ya bure. Mke wa mwenye duka alikuwa ameinama kwenye beseni. Walimpiga risasi ya mgongo, akaangukia nguo. Watoto wake hawakuwapiga risasi. Waliwashika miguu na kuwapiga kwenye mawe ya kufulia, mmoja baada ya mwingine, na waliofanya hivyo walikuwa watu wazima wenye ndevu. Kisha wakaingia mashambani na mapanga. Nilitupa ndoo, nikashuka mbio, nikafika wakati moshi umekwisha kufunika kila kitu. Nilimkanyaga mtu nikidhani ni mgomba ulioanguka. Aliniomba maji. Nilipomletea kwa viganja alikuwa amekufa, na nilikasirika naye kwa kutonisubiri, Mungu anisamehe.

Walipoondoka waliswaga ng'ombe wao mbele, waliokuwa wa wizi bila shaka, pamoja na wote waliokuwa kwenye mazizi ya chini. Wa kwetu walibaki, kwa sababu walikuwa juu nami. Hilo ndilo lililotuponza.

Kabla jua halijazama vijana walimfuata yaya. Walikuwa vijana tuliokua nao, waliokunywa maziwa yetu. Walimvuta kwa nguo hadi mbele ya duka.

"Weye njo ulikuwa na zamu," alisema mkubwa wao. "Ulikuwa unaona. Ulinyamaza."

"Sikunyamaza," yaya alisema. "Nilisema iko ng'ombe. Ilikuwa ng'ombe."

"Na ndege?"

"Ndege haikuruka."

Akamchapa kofi. "Batu karibu makumi mbili banapita pale, ndege haikuruka? Unatuona bajinga? Ng'ombe ya kila mutu iliibiwa, ya kwenu iko pale juu inakula majani. Mulituuzisha, ninyi batu ya ng'ombe."

Yaya akasema "hapana", na hiyo hapana ikawafungulia wote. Walimpiga kwa fimbo na kwa mateke. Mwanamke mmoja niliyekuwa nikimkopesha maziwa alimpiga kwa mwichi wa kutwangia mabegani, huku analia. Nilijitupa katikati nikapigwa nami, nikauma mkono wa mtu hadi nikaonja damu, sijui wa nani. Mtoto wa yaya walininyooshea kana kwamba ni mzigo. Yaya wakamfungia ndani ya depo ya mwenye duka, kati ya magunia ya chumvi. Wakasema wakitoka kuzika, watamaliza.

Mwenye duka mwenyewe hakumpiga. Alikaa chini mbele ya mlango wake, panga likiwa kwenye mapaja, damu ya watoto wake imekauka kwenye shati. Nilipompelekea yaya mtoto anyonye, ilibidi nimpite.

"Papa," nilimwambia, "mutoto iko na njaa."

Alisogeza miguu kidogo nikapita. Ndani, yaya alinyonyesha akiwa amelala ubavu kwa kuwa hakuweza kukaa. Jicho moja lilikuwa limefunga. Aliniuliza kama rafiki yake amepona, yeye na watoto. Nikamwambia hapana. Alikuwa amekwisha kujua, lakini mtu anauliza.

Asubuhi walizika. Walizika kwa haraka, wengine wawili wawili, na watoto wa mwenye duka pamoja na mama yao. Yaya alisikia nyimbo kutoka ndani ya depo. Mimi sikwenda kaburini. Nilikaa mbele ya mlango ule na mtoto mgongoni, nikiwaza, na kadiri nilivyowaza ndivyo hasira ilivyonipanda hadi hofu ikakosa nafasi. Walipoteremka na mapanga yao, na mwenye duka katikati yao, nilisimama.

"Munataka kuua mutu sababu ya ndege," nilisema. "Basi twende kwa ndege."

Mkubwa wa vijana aliniambia nitoke njiani.

"Ng'ombe yetu ile munasema ilibaki, nitaileta kwa kivuko. Ninyi mutaingia katikati yake, muiname, muvuke. Sisi wengine tutasimama pa mwamba na yaya. Kama ndege zinaruka, alisema uongo. Kama haziruki, munamufungua. Ao munaogopa kuona?"

Walinung'unika. Mzee mmoja wa kanisa akasema ni haki. Mtu mwingine akasema watu wa ng'ombe wana dawa. Mwishowe walikubali, kwa sababu wote walikuwa wamewahi kukaa zamu pale juu, na ndani ya roho zao wote walitaka kujua.

Ndipo mwenye duka akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Mimi njo nitaingia katikati ya ng'ombe," alisema. "Mimi na hawa batatu."

Nilikuwa nimefikiria yote isipokuwa hilo. Yangeyange hawaogopi ng'ombe, lakini inua mkono ghafla, tupa kitu, na wote watapaa. Mtu mmoja tu mwenye nia mbaya angetosha. Na nani angekuwa na nia kuliko yeye? Ningemkatalia vipi? Kumkatalia ni kusema naogopa ukweli. Nilimtazama usoni nikitafuta kitu cha kushika, na uso wake ulikuwa kama ukuta wa nyumba iliyoungua.

Nilileta ng'ombe. Niliwaswaga mwenyewe hadi ukingoni, na yangeyange walikuja mara moja, kama kawaida yao, wakashuka kati ya kwato. Nafasi ya yule mtu wa koti na fimbo aliichukua kijana mmoja wetu, akatangulia. Mwenye duka na wale watatu waliinama wakaingia kundini. Mimi nikapanda mwambani mbio, mtoto akirukaruka mgongoni, nikasimama kando ya yaya. Walikuwa wamemfunga mikono. Mkubwa wa vijana alisimama nyuma yake, panga likiwa limelala begani kwa yaya, makali upande wa shingo. Hakulibonyeza. Alilipumzisha tu pale, tayari.

Kijiji kizima kilitazama ndege. Ng'ombe waliingia majini. Majani yalifunga nyuma yao na kwa kweli, mtu hakuonekana hata mmoja, si kichwa, si mgongo. Ilikuwa ng'ombe tu. Yangeyange walitembea pembeni, shingo zikienda mbele na nyuma. Wawili walikuwa wamepanda mgongo wa ng'ombe mwekundu, yule ambaye mwenye duka alikuwa ameinama nyuma yake. Nilikuwa namtazama ng'ombe huyo peke yake. Katikati ya kivuko alisimama. Mmoja wa wale yangeyange alifungua mabawa.

Yaya alifumba jicho lake zima. Nilisikia panga likisogea kwenye nguo yake.

Yule ndege akajinyoosha, akafunga mabawa, akaendelea kukaa. Ng'ombe mwekundu akatembea. Kundi likavuka lote, likafika kwenye mawe ya kufulia, na pale watu wanne wakanyooka kutoka katikati ya yangeyange, karibu sana hivi kwamba wangeweza kuwashika. Ni hapo tu, waliponyooka, ndege waliporuka.

Yule mwanamke wa mwichi alikaa chini na kujifunika uso kwa kitenge. Nilidhani nitafurahi. Lakini niliona kwenye nyuso zao kwamba tulikuwa tumewaondolea mtu wa kuchukia, na sasa walibaki na maiti zao tu, na ile sheria yetu ya kijinga. Mkubwa wa vijana alikata kamba za yaya bila kumtazama. Ningeweza kumuua kwa kutomtazama kwake.

Mwenye duka alipanda mwamba polepole, suruali imelowa hadi kiunoni. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya yaya, akanyoosha mkono wa kulia, akaufungua. Ndani kulikuwa na jiwe la ukubwa wa yai, la mtoni, bado lina maji.

"Niliokota hii nipate kufukuza ndege," alisema. "Niliinua mukono. Nilitaka ukufe, Mama. Nilitaka sana."

Yaya aliliangalia lile jiwe. Alilichukua kutoka kiganjani kwake kwa vidole vilivyovimba, taratibu, kama mtu anayepokea chumvi dukani. Kisha akampiga nalo mdomoni kwa nguvu zake zote. Huyu ni dada yangu ambaye hata kuku alinipa mimi nichinje. Meno yalivunjika, tulisikia. Mwenye duka aliyumba, hakuinua mkono, hakurudi nyuma. Damu ilimtiririka kidevuni ikaangukia juu ya ile ya watoto wake. Hakuna mtu aliyemzuia yaya. Nadhani angempiga tena tungemwacha.

Hakumpiga tena. Aliliacha jiwe lidondoke, akabaki anahema, na machozi yakaanza kutoka kwenye macho yote mawili, hata lile lililofunga.

"Muliwazika wapi?" alimuuliza. "Nilisikia nyimbo tu. Sikuwaona batoto."

Mwenye duka alitema damu pembeni, akajifuta kwa mkono wa shati. Hakuweza kusema vizuri. Alimwonyesha kwa kidole upande wa kanisa, kisha, kwa kuwa yaya alishindwa kushuka peke yake, alimshika kiwiko, wakateremka pamoja kwenda kaburini.